Kapteni Costantine Ndunguru, Rubani Aliyekubali Kufundishwa Upya

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba tusikilize jinsi ndugu yetu alivyoishi.

Kapteni Costantine Hosea Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Mbinga, mkoani Ruvuma, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa, akamaliza kidato cha sita Songea mwaka 1989, akapakia mizigo uwanja wa ndege Dar es Salaam kwa miaka minne, kisha akasomea urubani na kupata leseni Agosti 1997.

Mwaka 2001 alianza kurusha ndege ndogo za abiria kati ya Dar es Salaam na Kilindoni, kisiwani Mafia, akakutana na Laurencia, mwalimu wa Ndagoni, wakafunga ndoa tarehe 6 Septemba 2003, wakajenga hapa hapa Mafia, na Mungu akawajalia Recho na Hosea.

Juni 2022 mafundi waligundua nyufa katika injini za ndege mbili za aina aliyoirusha, ndege za injini moja, yakatoka masharti mapya kwamba zisibebe zaidi ya abiria tisa, na zivuke bahari zikiwa juu kiasi kwamba injini ikizimika rubani aweze kuifikisha ndege nchi kavu, jambo lililowaudhi marubani wengi, naye akiwamo, kwani alikwishavuka chini chini miaka ishirini na moja bila mkwaruzo. Kila rubani alipimwa upya, na aliyempima yeye ni Kapteni Warda Mansuri, binti wa Kiegeani ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na Warda akamfelisha, kwa kuwa katika zoezi la injini kuzimika alichelewa kuamua aelekee wapi. Alikaa nyumbani siku mbili bila kutoka, Mama Recho ni shahidi, siku ya tatu akampigia Warda kumwomba amfundishe tangu mwanzo, akafaulu tarehe 2 Agosti.

Tarehe 9 Februari 2023 aliondoka Kilindoni na abiria tisa, mmoja wao Mwanaharusi Kombo wa Juani, mjamzito aliyepewa rufaa ya kwenda hospitali Dar es Salaam, na rubani msaidizi wake, Sadick, aliposhauri wavuke chini ili mgonjwa awahi, marehemu alimjibu, “Mwanangu, kwa ajili ya huyu mama ndiyo tupande kwanza.” Wakazunguka juu ya kisiwa wakipanda, na dakika chache baada ya kuiacha pwani injini ikazimika, akageuza papo hapo, akawatuliza abiria, akaishusha ndege bila injini mpaka uwanjani Kilindoni, watu wote kumi na mmoja wakatoka wazima. Mwanaharusi alisafirishwa alasiri ile ile kwa ndege nyingine, akajifungua mtoto wa kike, na wote wawili tunao hapa. Simu ya kwanza aliyopiga marehemu, angali amesimama ubavuni mwa ndege, ilikuwa kwa Warda, akamwambia, “Mwalimu, asante kwa kunifelisha.”

Baada ya hapo walifundisha pamoja, yeye na Warda, na hakuna rubani aliyepita mikononi mwao asiyesimuliwa habari ya kufeli kwake, tena aliisimulia mwenyewe, akicheka.

Mei 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akatibiwa Dar es Salaam, akaomba kurudishwa Mafia, alikofariki tarehe 11 Aprili 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani, Waislamu kwa Wakristo, mliopika na kushinda nasi msibani, na marubani wenzake, ambao kesho asubuhi mtarudi kazini kama alivyowaagiza. Amezikwa hapa kwa hiari yake, kwani aliwaambia wanawe kwamba Mbinga walimzaa na Mafia walimfundisha.

Baba Recho, pumzika kwa amani.