Aliyengoja Majani Yageuke Maua

Marehemu mama yangu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, kitinda mimba wa seremala na mshona nguo. Dada yake mkubwa anasema alianza kuuliza maswali kabla ya kutembea, na hakuwahi kuridhika na jibu la kwanza.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na karakana ya baba yake, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1982 akahitimu elimu ya mimea chuo kikuu. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika kituo kimoja cha utafiti, akifukuzia swali moja: mmea unajuaje kwamba majani sasa basi, ni zamu ya maua? Alitufundisha mezani, chakula kikipoa, kwamba jani hupima urefu wa usiku, kisha hupeleka ujumbe kwenye ncha ya shina, na huko jeni moja huamsha nyingine. Jeni ya kugeuza ikiharibika, mmea hutoa majani mpaka ufe.

Mwaka 1986 fundi umeme wa kituo, kwa huruma zake, alifunga taa ya usiku katika chumba cha mimea ili mtafiti asijikwae. Mimea ikadhani kumekucha. Msimu mzima haikuchanua.

“Nani kakutuma?” alifoka.

“Miwani yako, dada. Minene mno.”

Walioana mwaka uliofuata. Taa iling’olewa kwanza. Hilo lilikuwa sharti la posa. Walijaliwa binti mmoja, mimi.

Mwaka jana aliugua saratani ya kongosho. Alikuwa ameupa mmea mmoja usiojua kuchanua jeni ya kugeuza iliyo nzima, aone kama utatoa ua, na sheria haziruhusu mmea uliobadilishwa jeni kutoka katika banda la utafiti. Basi kila asubuhi mume alipitia huko kabla ya hospitali. Muuguzi alimsihi: “Mzee, mwambie ua limetoka. Utapungukiwa nini?”

Hakuweza.

“Vipi leo?”

“Bado majani, mke wangu.”

“Afadhali. Ungesema limechanua, ningejua daktari amekata tamaa.”

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Jioni mzee alikwenda bandani, akiogopa kukuta ua. Akakuta majani. Alishukuru kwanza, ndipo akalia.

Ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, dada yake na wanafunzi wengi wenye ubishi wake.

Alale salama. Ua likichanua, mumewe atakuja mwenyewe hapa kaburini kumwambia.