Kamera Isiingie Kabatini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha mbio za baiskeli, waheshimiwa wajumbe wa kamati, makocha, mafundi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi waendesha baiskeli mliokaa na helmeti mapajani kama watu wanaoogopa kuachwa: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mwenyekiti aliponiomba niseme neno la kumuaga mpiga picha wetu, nilimwuliza: kwa nini mimi, fundi cherehani, mtu ambaye hotuba yangu ndefu kuliko zote ni ile ya kumkumbusha mteja aje achukue nguo yake? Akanijibu, "Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Hata ukitia chumvi, tutakusamehe." Basi nimekuja. Mume wangu, kaa vizuri. Leo huna ruhusa ya kunikatiza.

Wageni wetu huenda hawajui kazi hii ilikuwaje. Mbio zetu hufanyika watu wakishatoka kazini, kwa hiyo huanza jua likiwa limeshachoka, na huisha taa za barabarani zikianza kuwaka. Mpiga picha mwenye akili zake angefunga mkoba akaenda nyumbani. Huyu wa kwangu ndipo alipokuwa anaamka. Alisimama pale kwenye kona ya ghala la mbao, miguu ameitanua, viwiko amevibana mbavuni, na mwendeshaji alipotokea alimfuata kwa kamera, kiuno kikizunguka taratibu kwa mwendo uleule wa baiskeli, na hata baada ya kubonyeza bado aligeuka naye. Ndiyo maana katika picha zake ukuta na barabara vimevurugika kuwa mistari mitupu, lakini katikati kuna uso wa mtu mmoja, wazi kabisa, mpaka jasho unaliona. Mazoezi aliyafanya nyumbani, kwa kunifuata mimi nikipita uani na beseni la nguo. Majirani walidhani ni mapenzi, nami sikuwasahihisha.

Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza, kwa nini usitumie flashi? Akasema, "Mtu anateremka mbio, kiza kinaingia, kichwa ameinamisha, halafu mimi nimmwagie mwanga machoni? Bora nikose picha kuliko kumwangusha mtoto wa watu." Picha alikosa nyingi. Mtu hakumwangusha.

Na alimsubiri wa mwisho, ambaye kwa kawaida hufika mwanga ukiwa umebaki kiduchu tu. Mwokaji wetu wa mikate, ambaye tangu ajiunge hajampita yeyote isipokuwa aliyepata pancha, ana picha dukani kwake inayomfanya aonekane bingwa. Wateja huuliza alishinda mbio zipi, naye hujitia hamnazo na kuendelea kufunga mikate.

Sasa nifike pale panaponiwia vigumu. Msimu uliopita waendesha baiskeli walianza kunung'unika. Picha zilikuwa zinatoka za watu walewale: mwalimu wa hesabu, dereva wa gari la maziwa, na yule muuza viatu. Wengine walipita kwenye kona wakijikakamua, shingo wamenyoosha, na hawakuambulia kitu. Wakakaa wakachunguza, wakagundua kwamba wote watatu huvaa jezi nyeupe. Wakaamua kwamba mzee anapenda nyeupe. Ndugu wageni, mngekuwa nyinyi, si mngekwenda kumwuliza mwenyewe? Hawa hawakuuliza. Walikuja kwangu kushonewa.

Cherehani yangu haikupumzika. Kila anayeingia anataka jezi nyeupe, hata mwokaji, ambaye kutwa nzima hushinda ndani ya unga. Nikamwuliza yule binti tunayemwita Spoku, anayetengeneza baiskeli zenu tangu goti lilipomtoa kwenye mbio: hii nyeupe imetoka wapi? Akanieleza. Sindano ikasimama. Mume wangu hapendi nyeupe hata kidogo; anasema ikimkaa mwilini anafanana na mhudumu wa zahanati. Nikakumbuka jinsi siku zile, jua likishazama, alivyokuwa akitanguliza mkono kabla ya kushika kikombe, na jinsi alivyokuwa akiniuliza, "Uko hapo?" nami nimekaa mbele yake. Hakuwa anawapendelea wenye nyeupe. Ni wao tu aliokuwa akiwaona.

Nilizishona jezi zile zote. Siku ya mbio barabara nzima ikawa nyeupe, na mume wangu akarudi nyumbani akipiga mluzi. Akanishika mabega, akasema, "Mke wangu, macho yamerudi. Leo nimewaona wote." Nikamwambia tumshukuru Mungu, kisha nikageuka kupanga nyuzi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Alikuja kugundua mwenyewe, mchana, picha zikiwa zimetandazwa mezani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hizi umeshona wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema zimeshonwa vizuri. Daktari wa macho alitueleza bila kuzunguka: mchana ataendelea kuona kama kawaida, lakini mwanga wa jioni umeshamtoka, na hakuna miwani ya kuurudisha. Tuliporudi aliifuta kamera, akasema kwenye ile kona hakanyagi tena, wala asiletewe habari za mbio. Ndipo kamati, kwa nia njema kabisa, ikamtengenezea lile kabati la kioo mnaloliona pale, ili kamera iwekwe humo leo hii.

Spoku alikuja nyumbani mara nyingi kuomba afundishwe. Mume wangu alimkaribisha chai, akamwuliza hali ya goti, akamwuliza bei ya minyororo, akampiga chenga mpaka binti wa watu akaaga. Kisha akaniambia kazi ile haifundishiki. Mume wangu, mbele ya watu hawa nakwambia, inafundishika. Huogopi kufundisha. Unaogopa kusimama kwenye kona yako na kamera iko shingoni mwa mtu mwingine, watu wapite, na wewe usiwaone. Nakuelewa, hata mimi ningeogopa. Lakini mimi naogopa zaidi kile kiti cha sebuleni, na wewe ndani yake kila jioni, umeligeuzia dirisha mgongo saa ambayo baiskeli zinapita. Nimekuona humo wiki hizi zote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, seremala amejitahidi na sipendi kumvunja moyo. Ila kamera hiyo ikiingia kabatini leo, mume wangu naye anaingia nayo. Kwa hiyo nyinyi siwaombi kitu, namwomba yeye. Baba watoto, sikuombi uone. Nakuomba usimame nyuma ya huyu binti umwambie wakati gani abonyeze. Baiskeli unazisikia kabla hazijafika kwenye kona. Nimekutazama mezani, kijiko kimesimama hewani, unasikiliza mnyororo wa mtu ambaye bado hata hajatokea. Hilo halijakutoka, na wala halihitaji jua.

Niliyokuja nayo nimeyamaliza. Kama jibu ni hapana, kabati lipo, na mimi nitakupenda vilevile, ingawa chai utajipikia kwa muda.

Ameinuka. Naomba mliokaa hapo katikati mumpishe apite. Hapana, huku mbele haji; anaelekea safu ya mafundi. Spoku, usisimame mwanangu, goti lako hilo. Anavua mkanda wa kamera shingoni. Ndugu zangu, msipige makofi kwanza, kuna kitu anamwambia na nataka kukisikia.

Anasema kitufe kinakwama. Anasema ukikibonyeza kwa pupa kinagoma, kwa hiyo ukiguse kidogo kwanza, usubiri, kisha umalizie. Miaka yote ya ndoa yetu, kila nilipoishika kamera ile iligoma, na yeye akaniambia sina mkono wa picha. Kumbe kitufe kinakwama, na siri hiyo hakuwahi kumpa mtu.

Mwenyekiti, kabati litunzeni. Litasubiri kikombe, siku tutakapokishinda. Kwa niaba ya familia yangu nawashukuru nyote mliofika, mliochanga, na mliovaa nyeupe. Asanteni kwa kuniazima masikio yenu. Sasa naomba tunyamaze kidogo, anafundisha.