Cheni ya Vedasto Haitaki Mlima

Njia ya Endamarariek inapoachana na lami ya Karatu kuna benchi moja refu, na birika la Mama Blandina halikauki pale mpaka jua liwe kali. Asubuhi hiyo, mbele ya benchi, baiskeli ilikuwa imepinduliwa matairi juu. Ni baiskeli ya mashindano ya zamani, nyembamba, ya buluu, usukani umekunjwa kwenda chini. Vedasto aliitoa kwenye banda la shamba la kahawa kule Oldeani, alikopewa bure kwa sharti awahamishe kuku. Tangu Kwaresima anaihangaikia: kutu ameisugua kwa msasa, spoku na gololi amebadili, na wiki iliyopita amefunga cheni mpya. Sababu kijiwe kizima kinaijua. Anataka kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Goodness huko Endamarariek, na Goodness alipoulizwa alijibu tu, "Nitafikiria." Mwanamume akisubiri jibu la namna hiyo lazima mikono ipate kazi. Vedasto akashika spana.

— Kwenye mlima wa Rhotia imeruka tena, alisema Vedasto. Tambarare haina neno. Nikikanyaga kwa nguvu tu, cheni inaruka meno, goti linagonga usukani.

— Nilikwambia ni pembe, alisema, akiuonyesha usukani, mzee Tajewo, mfugaji wa Ngorongoro, ambaye hapo kijiweni anaitwa Bwana Mifugo. Ng'ombe wa pembe za kutazama chini hapandi mlima.

— Si tulizigeuza juu, mzee? Breki zikaja mdomoni, nikaishia kwenye mahindi ya watu.

— Mahindini ulikwenda mwenyewe. Pembe usizisingizie.

Remigius, aitwaye Injinia tangu siku aliyowashikia watalii jeki, alitikisa kichwa.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Cheni ndiyo mgeni. Ile gia kuukuu ya nyuma ndiyo mwenyeji. Ipeni muda, itapona.

— Mbona mwenyeji anazidi kuumwa? aliuliza Mama Blandina huku akimimina.

— Cheni yenyewe ya Arusha mjini, mama, alijibu Injinia. Imekulia lami. Mlima inausikia redioni.

— Ipake mafuta ya kondoo, alisema Tajewo.

— Hayo ni ya wazazi, mzee, alisema Mama Blandina.

— Ndiyo. Mama aliyejifungua akinywa anasimama. Baiskeli itashindwaje?

Vedasto alicheka mpaka kahawa ikampalia. Ugonjwa aliujua: meno ya gia ya nyuma yamelika, na cheni mpya haikai kwenye meno yaliyolika. Gia nyingine alishaiagiza. Alinyamaza kwa sababu ubishi ulikuwa mtamu, na wakibishana cheni hakuna anayemuuliza habari za Goodness.

— Nisikilizeni kitaalamu, alisema Injinia. Kule Ngorongoro kuna kreta. Kreta ni shimo, na shimo linavuta. Kila chuma cha Karatu kinavutwa kidogo kidogo. Ukielekea Endamarariek, cheni inataka kurudi.

— Bodaboda mbona hazivutwi? aliuliza Mama Blandina.

— Zina injini. Zinabisha.

— Basi aende kinyumenyume, alikata shauri Tajewo. Shimo lidhani anakuja.

Walikuwa bado wanalipima hilo pale Goodness mwenyewe alipotokea, anatoka sokoni, kikapu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

Aliizunguka baiskeli polepole, akagusa kile kiti chembamba.

— Hii ndiyo ya kwenda nyumbani Endamarariek?

— Ndiyo hii, alijibu Vedasto.

— Na mimi nitakaa wapi?

Injinia alitazama nyuma ya kiti, keria hakuna. Tajewo alizitazama pembe. Mama Blandina aliinamisha birika, halikutoa kitu. Tangu Kwaresima, katika mawazo yao, wote walikuwa wakimpeleka Vedasto peke yake.

Vedasto alikuwa bado analisikiliza lile "mimi", na furaha ilimjaa mpaka spana ikamponyoka.

— Amekubali, Vedasto alimnong'oneza Tajewo.

— Nimekusikia, alisema Goodness. Nimeuliza nitakaa wapi.