Mama Pindo na Njegere Pori Zake

Marehemu dada yetu, fundi cherehani mliyemzoea kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, kifunguamimba wa watoto saba. Alisoma hadi darasa la sita, akaachishwa ili atulee sisi wadogo zake. Haikuwa haki, na leo tunalisema wazi.

Mwaka 1969 alijifunza ushonaji, akafungua kibanda chenye cherehani ya miguu. Pindo zake hazikufumuka. Wateja ndio waliompa jina. Tarehe 12 Agosti 1972 aliolewa na mchimba visima, wakajaliwa watoto watatu. Shemeji yetu alifukiwa kisimani mwaka 1983, na mwaka uliofuata mvua ikagoma.

Bustani yake ilikauka yote, isipokuwa njegere pori alizopanda kando ya ua. Jua lote lile, zenyewe zilizaa tu. Mama mkwe aliyempa mbegu alikwisha kumwonya: "Mwanangu, hizi ni za kuonja. Ukizila msimu mzima, miguu inakufa."

Aliyashika maneno hayo. Unga kidogo uliopatikana aliwapikia watoto. Njegere alizila mwenyewe, mchana na jioni. Majirani walinong'ona kwamba mjane ana sufuria yake ya siri. Siku moja mtoto wake wa pili alidokoa humo. Mama akamtia vidole kooni.

"Tema! Tema nakwambia!"

"Mama, una roho mbaya!" mtoto akalia.

"Sawa, ninayo. Tema."

Mvua iliporudi, alikuwa hawezi tena kukanyaga cherehani. Hospitali walisema miguu ile haitapona. Kwa miaka arobaini alishona pindo kwa mkono, amekaa mkekani, na aliyemwonea huruma alijibiwa, "Miguu ilikuwa yangu, nimeitumia."

Tangu mwaka jana vidonda vya mgongoni vilimzidi, kikafuata kichomi. Tusidanganyane kwamba alilala tu usingizi. Aliumia sana, na sisi tuliokuwepo tuliumia kumtazama. Alifariki tarehe 19 Juni 2024, asubuhi.

Ameacha wadogo sita, watoto watatu na wajukuu wanane. Gari lilikuwepo leo, lakini wanawe walilikataa. Wamelibeba jeneza kutoka nyumbani hadi hapa kaburini, wa pili akiwa mbele, na hawajakubali kupokewa.

Pumzika sasa, dada. Wanao wamekuleta kwa miguu yao.