Kumuaga Mkaguzi Mwenye Ndoo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Mwenyekiti wa klabu, ndugu madereva na mafundi, na ninyi wake na waume mliovumilia harufu ya petroli kwenye mapazia yenu, habari za mchana.

Nimepewa dakika tano kumuaga mkaguzi wetu mkuu. Wengi mnajua kwamba ni kaka wa mke wangu; kwa hiyo nikimtania ni haki yangu, na nikimsifu mna ruhusa ya kutia shaka.

Kwa miaka kumi na saba bwana huyu amesimama mwanzo wa mstari wetu wa mbio za magari wa mita mia nne akilinda Kanuni ya Kumi na Moja: kwamba gari likiteleza, mguu wa dereva ndio uliokoe, si kisanduku cha umeme kinachopunguza nguvu ya injini chenyewe kabla dereva hajajua kuna nini. Klabu nyingine zinakagua kwa kompyuta. Sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na ndoo. Alimwaga maji mbele ya magurudumu, akakuambia uondoke kwa nguvu zote, akasikiliza. Gari la mtu mwaminifu hupiga kelele na kuyumba. Gari lenye kisanduku hukohoa kidogo, kwa adabu, kisha linakwenda zake.

Nasema haya kwa uzoefu. Shajara yangu ya Jumamosi moja ya Septemba, miaka minne iliyopita, imeandika: "Saa tatu na dakika kumi. Nimekaguliwa." Kisanduku changu kilikuwa kidogo kama kiberiti, na fundi umeme wangu alikuwa ameapa kwamba hata aliyekitengeneza hatakiona. Maji yakamwagwa, nikaondoka nimenyooka kama rula. Akaja dirishani taratibu.

"Shemeji, gari lako limeokoka lini?"

"Ni tairi mpya hizo."

"Tairi mpya zinakohoa?"

Nikamkumbusha kwamba jioni ile tulikuwa tunakula kwake. Akasema chakula kiko palepale, ila mwaka huu nitashindana na sahani tu. Akaniandika kitabuni: mwaka mzima nje. Nilipofika nyumbani kutafuta huruma, mke wangu alisema jambo moja: "Amekukamata leo? Mimi nilidhani angekukamata mwezi uliopita."

Sasa anaondoka, na tusidanganyane kwamba anakwenda kupumzika. Mkaguzi haruhusiwi kushindana, na miaka yote hiyo amekuwa akijenga gari lake uani, chini ya turubai, wajukuu wakikatazwa hata kuliegemea. Anataka kulikimbiza kabla magoti hayajamkataza. Nani atamlaumu?

Lakini aliponipendekeza mimi nishike nafasi yake, yalikuwapo manung'uniko, na mmoja wenu alisema kwa sauti: "Basi kanuni imekwisha. Shemeji atamkagua shemeji." Hata mimi nilikuwa najiuliza: Mtu ninayekula mezani kwake, mwenye gari alilolisubiri miaka kumi na saba, nitaweza kumtazama usoni na kumwambia hapana?

Naomba niwasomee ya leo asubuhi. "Ukaguzi wangu wa kwanza. Gari limeondoka kwenye maji limenyooka. Limekohoa. Nimefungua boneti, nimekuta waya wa bluu usio na kazi inayoeleweka. Mwenye gari anasema ni wa redio. Gari halina redio."

Mnaweza kumtazama, ndiye yule anayekagua dari.

Anasema alikuwa ananipima. Huenda. Nimemwambia kwamba miaka minne iliyopita na mimi nilikuwa nampima. Kisha nimemwandika kitabuni, mwaka mzima nje, kama alivyoniandika, ingawa najua magoti yake hayasubiri mtu. Aliusoma mstari ule mara mbili, akatia sahihi, akanikabidhi funguo za chumba cha ukaguzi.

"Shemeji," akasema, "nilikuwa naogopa utaiamini ile habari ya redio."

Bwana Mkaguzi, kwa niaba ya wote uliotuchelewesha, uliotulowesha na uliotufukuza, tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.