Risala ya Akina Mama Kuhusu Kijani Kilichorudi Ukutani

Mgeni rasmi,

Karibu uwanjani petu. Risala tuliyokuandikia kwanza ilikuwa ya shukrani tupu. Tumeiandika upya kwa sababu ya uvumi uliomganda mwenzetu mmoja, mshona sare, akashindwa kuufukuza: eti kuvumwani, yale manyoya ya kijani kwenye ukuta ulio nyuma yako, ina madini ya risasi, sumu inayoharibu akili za watoto.

HISTORIA
Hapa palikuwa na tanuru la kuyeyushia betri kuukuu ili kutoa risasi yake. Lilizimwa miaka miwili iliyopita. Ukuta ulipovaa kijani tena tukasema uwanja umepona, tukaomba chekechea.

MAFANIKIO
Chekechea imejengwa: madarasa mawili, vyoo, bembea tatu. Tunashukuru kwa moyo wote. Tunayosema si ya kukuvunjia heshima.

CHANGAMOTO
Binti wa mshona sare ana miaka minne. Tunamwita Chiriku, maana mdomo haukai. Mchezo wake ni kupika. Kuvumwani ndiyo mboga, naye huonja kama mpishi yeyote. Mama yake alimwonyesha achume ncha changa tu, akidhani ndizo safi. Siku hizi Chiriku anaanza neno, analiacha njiani.

Mama akapeleka kopo la hizo ncha maabara. Risasi imo. Akabisha kwamba tanuru limezimwa zamani na ncha zimeota juzi tu, zimeipata wapi?

"Zimepewa na mama yao, dada," mpimaji akamjibu. "Kuvumwani haina mizizi ya kunyonya ardhini. Hunywa mvua na vumbi kwa mwili mzima, na ikichipua, sehemu ya ilichonacho huisogeza kwenye ncha mpya. Haijui kubagua."

Mshona sare alirudi, akampakata mtoto wake mchanga, mdogo wa Chiriku, akamnyonyesha huku analia. Hatukumnyamazisha.

MAOMBI
Mgeni rasmi, tunaomba leo mkasi ubaki kwenye sinia. Kabla ya kukata utepe, watoto wapimwe damu, Chiriku awe wa kwanza. Ukuta na udongo viondolewe na wanaoijua kazi hiyo.

Mungu akulindie wa kwako kama tunavyomwomba atulindie wetu.

Ni sisi, Akina Mama wa Nyuma ya Tanuru.

Wazazi wenzetu, mpaka majibu yatoke:
Msikwangue ukuta.
Msifagie uwanja ukiwa mkavu.
Msiingize viatu vya uwanjani chumbani.
Msimlishe mtoto kabla hajanawa.
Msimgombeze aliyekwisha kuonja. Alichuma ncha tulizomwonyesha.