Sajenti Nathanael Masunga, Mwalimu Aliyeingia Chini ya Meza

Sajenti mstaafu Nathanael Masunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1975, Kibaoni, Mpimbwe, mtoto wa tatu wa Mzee Masunga na Mama Dorika, waliohamia kutoka Maswa na ng'ombe wao. Alimaliza shule ya msingi hapohapo Kibaoni mwaka 1990, na sekondari Mpanda mwaka 1994. Utotoni hakujua woga. Fisi akisogelea zizi, yeye alitoka na kijinga cha moto, sisi ndugu zake tukajifunika shuka gubigubi.

Alijiunga na jeshi mwaka 1996, akasomea uuguzi. Tarehe 10 Agosti 2002 alifunga ndoa na Juliana, wakapata Edgar na Mariana. Mwaka 2013 alipelekwa kulinda amani nje ya nchi, akafunga majeraha ya wenzake kwa miezi kumi na mitatu.

Aliyerudi hakuwa yule tuliyemsindikiza. Mvua ikipiga bati, alitetemeka. Ukoo ulisema amerogwa, tukamzungusha kwa waganga watatu. Hatimaye alitibiwa Dodoma, akaomba kuisomea kazi ileile iliyomtibu. Mwaka 2018 alianza kufundisha uuguzi wa afya ya akili katika chuo kimoja hapa Mpanda.

Siku ya kwanza darasani, mwanafunzi aliangusha bakuli la chuma. Mwalimu akawa chini ya meza. Wengine walicheka, wengine wakakimbilia mlangoni. Akasema kutoka kulekule chini, jasho likimtoka: “Nyie, msikimbie. Andikeni mnachokiona. Na mmoja aje akae hapa karibu, asiniguse.” Mwanafunzi mmoja, Kelvin, alikaa naye. Leo Kelvin ni muuguzi Katumba.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, kwa maradhi ya moyo. Nilipoanza kuandika wasifu huu, baba mdogo Selestine aliniita pembeni: “Nyanzala mwanangu, andika aliugua kwa muda mfupi. Nani atampa Edgar binti yake akijua ya baba yake?”

Baba mdogo, naogopa kukukosea. Nimesimama mbele yenu nyote hapa msibani. Lakini kaka aliniambia kwa simu akiwa kitandani: “Usije ukanificha. Wanafunzi wangu watakuwepo.” Basi nasoma: marehemu aliugua hofu kwa miaka kumi na moja. Alitibiwa, akafanya kazi, akalea watoto. Hofu haikumwisha.

Ameacha mjane Juliana, watoto Edgar na Mariana, mama yetu Dorika, na mimi mdogo wake, ambaye tangu Januari moyo unanienda mbio bila sababu, siwezi kwenda sokoni peke yangu, na sijamwambia mtu. Kaka nilikuwa namkwepa, maana angeniangalia mara moja tu angejua.

Jumatatu nakwenda kliniki ya afya ya akili. Wifi Juliana, naomba unisindikize.

Mungu ampokee kaka yetu, ampe usingizi usio na woga.